Machimbo Yaliyoachwa: Uliza Kwanza Yaliachwa kwa Nini

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, wapo vijana wanaokwenda kupiga picha kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na wapo walimu wanaowapeleka wanafunzi kujifunza miamba. Sisi wanajiolojia hatuwakatazi, kwani mwamba uliokatwa hufundisha kuliko picha ya kitabuni. Ila kabla hujaingia, waulize wenyeji: hapa paliachwa kwa nini?

Machimbo hayaachwi bure. Kule Aswan, Misri, mnara wa jiwe moja wenye urefu wa karibu mita 42 umelala palepale ulipochongwa. Mafundi wa mafarao waliutelekeza mwamba ulipoonyesha nyufa. Ni granaiti, jamii ya jiwe lililotandaa chini ya sehemu kubwa ya Tabora, ingawa ya kwetu ni ya kale zaidi, imevuka miaka bilioni 2.5. Kwetu sababu huwa za kawaida: maji yamejaa shimoni, jiwe zuri limekwisha, au ukuta umeanza kumeguka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Granaiti huumbika chini sana ardhini, ikiwa imebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Uzito huo ukiondoka, hutanuka na kupasuka matabaka matabaka. Wachimbaji wa mkono wanaijua tabia hiyo. Huwasha magogo au matairi juu ya mwamba, gamba la juu likatanuka na kubanduka, nyundo ikamalizia. Lakini mwamba uliochomwa hivyo hubaki na nyufa za ndani, na mvua za Novemba hadi Aprili hupenya humo mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo ukifika, anza kutazama chini ya ukuta. Vipande vyenye uso safi, mweupe au wa waridi, visivyo na vumbi, vimeanguka juzijuzi, na vingine viko njiani. Kisha tazama ukingo wa juu kama una nyufa zinazokwenda sambamba nao. Wachimbaji wazoefu hugonga kwa mtarimbo: jiwe zima hulia kama kengele, lililoachia hutoa sauti butu. Wewe mgeni usigonge. Kaa mbali na ukuta, walau kadiri ya kimo chake.

Maji ya shimoni yasikushawishi kuoga. Kingo zake zimekatwa wima. Hatua ya kwanza umesimama, ya pili huna pa kukanyaga. Penye konokono, kuna hatari ya kichocho pia.

Matundu marefu ya duara ukutani ni alama za baruti. Ukiona waya mwembamba wa rangi unaning'inia kwenye tundu, usiuguse wala kuuvuta, hata kama machimbo yalifungwa zamani. Rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto wasisogee, na toa taarifa polisi.