Nduthi ya mbio na porojo za stejini

Kila nikipita stejini na nduthi yangu imefungwa kamba nyuma ya pikapu, hakosi mtu wa kuuliza: "Boss, hiyo imekufa?" Haijakufa. Ni nduthi ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye udongo. Haina taa, haina vioo, haina namba ya usajili, haina hata stendi ya pembeni, na hairuhusiwi kukanyaga Ngong Road hata mita 100. Inabebwa kama fahali wa mnada hadi Jamhuri Park, inashushwa, inakimbia, kisha inarudi na tope hadi kwenye kiti. Swali lenyewe haliniudhi. Miaka minne iliyopita ningeliuliza mimi. Karibu kila nilichokiamini kuhusu mbio za pikipiki nilikiokota pale pale, kwenye ile benchi ya mbao chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, na kilinigharimu pesa, ngozi au mfupa.

Nianze na cha mfupa.

"Breki ya mbele itakurusha"

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa Boxer 150 iliyotumika. Binamu yangu, aliyenifundisha kuiendesha, alikuwa na amri moja tu: breki ya mbele ni ya kuzuia nduthi isirudi nyuma kwenye mlima, si ya kusimamia. Nikaitii miaka miwili. Asubuhi moja ya mvua, matatu ikaniingilia ghafla Langata Road, nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likafunga, likaanza kutembea kando kama kaa, nami nikalala chini na mtulinga umevunjika. Sikurushwa na breki ya mbele, kwa kuwa hata sikuigusa.

Ukweli ni huu. Ukifunga breki, uzito wa mtu na chombo hukimbilia mbele. Tairi ya mbele inakandamizwa chini na kushika barabara zaidi. Ya nyuma inakuwa nyepesi, ndiyo maana inafunga na kuteleza upesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele hufanya zaidi ya theluthi mbili za kazi yote ya kusimamisha. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua ghafla, kabla uzito haujafika mbele, au kuibana huku usukani umekunjwa.

Nilipopona nilikwenda kujaribu mwenyewe kwenye maegesho ya kanisa moja, Jumamosi asubuhi, hakuna gari. Nikachora mstari kwa chaki. Mwendo 40, nikifika kwenye mstari nakanyaga ya nyuma pekee: hatua 23 hadi nduthi iliposimama. Nikarudia. Safari hii vidole viwili juu ya mpini wa mbele, nabana kama mtu anayekamua limau, kidogo halafu zaidi, huku mguu ukigusa ya nyuma kwa upole. Hatua 13. Askari wa kanisa alikuwa amesimama pale akinitazama, akaniuliza kama nimetumwa na kampuni ya bima.

Kwenye udongo unabana kwa adabu zaidi, lakini breki ya mbele inabaki kuwa mama wa breki. Watu wanaonipita huko Jamhuri hawanipiti kwenye sehemu iliyonyooka. Wananipita pale kwenye kuingia kona, kwa sababu wao wanafunga breki wakiwa wamechelewa kuliko mimi na bado wanakata kona.

"Mwenye boda anaendesha kutwa, huko atawamaliza"

Hii niliiamini sana, hata nikamshawishi rafiki yangu wa boda aje siku ya mazoezi. Ni dereva hodari. Anapenya Gikomba saa kumi na moja jioni na magunia mawili bila kugusa kioo cha mtu. Mzunguko wa kwanza alianguka mara tatu.

Si kwamba hajui. Klachi yake ni safi kuliko yangu, na macho yake yanaona mtoto akitaka kuvuka kabla mtoto mwenyewe hajaamua. Lakini boda inakufundisha kukaa. Motokrosi ni mchezo wa kusimama. Unasimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, viwiko viko nje, na nduthi inachezacheza chini yako kama punda mkaidi ilhali kichwa kimetulia. Ukikaa kwenye matuta, kila pigo linapanda uti wa mgongo, na tuta la tatu linakutoa. Tena kwenye kona macho yasitazame pale gurudumu lilipo bali pale unapotaka kutokea. Mtu wa mjini amezoea kutazama shimo. Ukilitazama shimo unaliingia.

"Hiyo injini imekwisha, fungua ringi"

Nduthi yangu ya kwanza ya mbio niliinunua Mombasa. Ni ya injini ndogo, cc 125, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Kule Pwani iliunguruma kama nyigu. Ilipofika Nairobi ikaanza kukohoa, ikawa nzito chini, inatoa moshi, plagi nyeusi tititi kama sufuria ya jiko la kuni. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini. Akaigeuzageuza plagi mkononi, akatangaza kwamba pistoni na ringi zimekwisha. Nikalipa. Vikawekwa vipya. Ikakohoa vile vile.

Mzee mmoja anayeuza spea Kirinyaga Road, ile ambayo watu wa umri wake bado wanaiita Grogan, aliniuliza swali moja tu: "Imetoka wapi?" Nikamwambia. Akacheka, akafungua kikopo cha peremende kilichojaa vijeti vya shaba, vile vyenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, kila kimoja kidogo kama punje ya mahindi, namba imechongwa kichwani. Akatoa kabureta, akafungua bakuli lake la chini, akachomoa jeti iliyokuwemo, akainua dhidi ya mwanga wa mlangoni ili nione tundu lake. Kisha akainua nyingine, yenye namba ndogo. Tofauti ya matundu yale sikuiona kwa macho. Aliona tu kwamba nimenyamaza, akaifunga ile ndogo.

Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ile ile huku hewa ya kuichoma imepungua. Petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi, injini inakohoa. Dawa ni jeti ndogo. Nduthi za kisasa zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe upande wa petroli, ingawa nguvu iliyopotea na hewa hairudi. Ukiwa na yenye kabureta na ukapenda kuteremka Magadi Road wikendi, kutoka Kiserian hadi kule bondeni, utasikia injini ikibadilika sauti njiani. Na ukiteremka hadi baharini na jeti ndogo, mambo yanageuka: petroli inakuwa haba, injini inachemka kupita kiasi na pistoni inaweza kuyeyuka. Kwa hiyo ile jeti ya zamani usiitupe. Yangu ninayo kwenye droo ya vijiko.

Ndogo ndogo

"Cc nyingi ndiyo kasi." Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi zipatazo 12. Nduthi ya motokrosi ya cc 250 inavuka 40, na uzani wake ni kama kilo 105 tu. Lakini anayeanza na 450 huchoka mikono baada ya mizunguko michache, akaanza kushikilia usukani badala ya kuuongoza, na watoto wa 125 wanampita. Na anayesema udongo ni wa walioshindwa kununua nduthi kubwa za lami, amtazame Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara 9 kwenye lami: alijijengea uwanja wa udongo kwao Tavullia, Italia, wa kufanyia mazoezi.

"Tairi lijazwe upepo hadi liwe jiwe." Kwa magunia ya viazi, sawa. Kwenye udongo tunaendesha psi 12 hadi 15, ili mpira ulale na kung'ata ardhi.

"Si mchezo wa wanawake." Kiara Fontanesi wa Italia ana mataji 6 ya dunia ya motokrosi. Tuendelee.

"Injini ndiyo inafanya kazi, wewe umekaa tu." Mapigo ya moyo ya dereva wa motokrosi hupanda na kukaa zaidi ya asilimia 90 ya upeo wake karibu mbio nzima. Mimi nilianza kupanda ngazi za ghorofa letu, orofa 6, asubuhi na jioni, na majirani wakadhani nina deni ninalolikimbia.

"Kofia ni kofia." Hapa sitanii. Kinachookoa ubongo ni ile povu ngumu ya ndani, ambayo hupondeka mara moja ili kichwa kisipondeke. Ikishapondeka haijirudishi, na kwa nje huioni. Kofia ya mtumba inaweza kuwa imeshakufa kwa ajali ya mtu mwingine. Nunua viatu vya mtumba, nunua jezi ya mtumba, kofia nunua mpya.

"Ni mchezo wa wenye pesa"

Dhana hii ina mfupa wa ukweli ndani yake, na sitaki kuudanganya umma. Nduthi yenyewe ni mwanzo tu wa matumizi. Umri wake unahesabiwa kwa saa, si kwa kilomita, na pistoni ni kama tairi: inabadilishwa kwa ratiba kabla haijavunjika. Ongeza oili, cheni, viatu, kinga za kifua na magoti, leseni ya mashindano ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari na pikipiki Kenya, na pikapu ya kukodi. Mimi na wenzangu wawili tunachangia pikapu, zana na hata jerikani. Nduthi yangu ina plastiki iliyoshonwa kwa waya. Watu wenye mahema na mafundi wa kulipwa wapo, na wanashinda mara nyingi. Ila geti la kuanzia ni moja, na plastiki iliyoshonwa haizuiliwi na mtu.

"Mshindi ni yule asiyeogopa"

Kwenye mbio zangu za kwanza niliamini hivyo hadi mwisho wa kona ya kwanza. Kibao cha sekunde 15, kisha cha 5, halafu vile vyuma vya geti vinaangukia nyuma na nduthi zote zinakimbilia tundu moja. Sikuogopa. Nikaingia kwa ujasiri mkubwa, nikalalia nduthi ya mwenzangu, na yeye akanilalia mimi.

Nilipoinuka wenzangu walikuwa mbali. Mizunguko michache baadaye nikapepewa bendera ya buluu, maana yake anayeongoza yuko mgongoni mwako, mpishe.

Hesabu ya pointi yenyewe inawaumbua wajasiri. Katika mfumo wa FIM, shirikisho la pikipiki la dunia, wa kwanza hupata 25, wa pili 22, wa tatu 20, na siku moja ina mbio mbili zinazojumlishwa. Mtu wa tatu mara mbili ana 40. Aliyeshinda ya kwanza kishujaa akaanguka ya pili ana 25 na gongo la kutembelea.

Jioni ile nikawa nyuma ya ploti, kwenye bomba, naosha sponji ya chujio la hewa. Si kwa petroli, inayotafuna gundi yake. Kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, ikauke, halafu ipakwe oili yake. Mama wa nyumba ya chini akaja kuchota maji.

"Leo ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na nne, mama."

"Eh, hongera. Kati ya wangapi?"

"Kumi na tano."

Akaweka ndoo chini ya bomba, akanisogezea sabuni yake.