Je, wajua: tahadhari ya vurugu za uchaguzi hufika mapema, kwa nini basi vurugu hutokea?

Kila baada ya uchaguzi wenye damu husikika kauli ileile: hakuna aliyetarajia. Imani hiyo imeenea sana, na ndiyo inayofanya fedha nyingi zipelekwe kwenye kutafuta habari: namba za simu za bure, ramani za kompyuta, vyumba vya kufuatilia matukio. Kumbukumbu zinaeleza vingine. Nchini Kenya, Tume ya Jaji Philip Waki ilichunguza machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo waliuawa watu 1,133. Ilikuta kwamba idara ya ujasusi ilikwishatoa tahadhari, na kwamba vipeperushi vya kuwataka watu wa makabila mengine wahame Bonde la Ufa vilisambazwa. Rwanda, ingawa kule haukuwa uchaguzi, Jenerali Roméo Dallaire wa kikosi cha Umoja wa Mataifa alituma ujumbe New York Januari 11, 1994, akieleza silaha zilizofichwa na mpango wa kuua. Mauaji ya kimbari yalianza Aprili.

Kwa hiyo habari ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuifanyia kazi, aliye karibu na anayekubalika, kabla muda haujapita.

Huku kwetu Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, habari nayo si adimu. Dereva wa bodaboda pale Mwanjelwa hujua ni vijana gani wamepewa fedha za mafuta wiki hii, na kwa kazi gani. Mfanyabiashara wa Tunduma huanza kupunguza mzigo dukani siku kadhaa kabla ya kura. Mama lishe wa Uyole husikia wateja waliokuwa wakila meza moja wakianza kuitana majina ambayo hayakuwapo mwezi uliopita. Mabango yaliyochanwa usiku, bendera iliyoshushwa, wakala wa chama aliyezuiwa kuingia kituoni, matokeo yanayochelewa kubandikwa: yote huonwa na watu, na mara nyingi watu hao hujua pia nini kinaweza kufuata. Asiyejua, ukimkuta, aghalabu yuko ofisini.

Mfumo wa jamii wa tahadhari na hatua za mapema una sehemu tatu. Watu hutoa taarifa, wengine huzihakiki, wengine huchukua hatua. Sehemu mbili za kwanza huandikwa sana. Ya tatu ndiyo inayoamua kama mtu atapigwa au hatapigwa.

Wakazi wa Mufindi wataielewa haraka kwa kuangalia moto wa mashamba ya miti ya paini. Mlinzi aliye mahali pa juu huona moshi kilomita nyingi kabla moto haujafika kwenye miti. Kuona kwake hakuzimi kitu. Moto huzimwa na mambo yaliyotangulia: njia ya kuzuia moto iliyolimwa nyasi zikiwa bado mbichi, watu wa kijiji cha jirani wanaojua wakutane wapi, na gari lenye mafuta tayari. Moto ukiwa wa ukubwa wa uwanja wa nyumba, watu 10 wenye matawi mabichi wanautosha. Ukiachwa upande mlima na upepo, hata magari ya zimamoto huishia kuulinda upande mmoja tu. Na yule mlinzi, akitoa taarifa mara kadhaa bila kuona mtu akija, siku moja ataona moshi na kuendelea kukaa. Uchaguzi mkuu wetu, kwa sadfa, huangukia Oktoba, mwezi uleule ambao nyasi za Mufindi zimekauka kabisa.

Tuangalie sasa mahali ambapo hatua ziliwahi. Wajir, kaskazini mwa Kenya, mapema miaka ya 1990 koo za Kisomali zilikuwa zikiuana. Kundi la wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, lilianzia sokoni. Walisimamia kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila kubaguliwa, na palipotokea ugomvi walifika kabla haujawa wa koo nzima. Baadaye waliwavuta wazee, viongozi wa dini, vijana na maofisa wa serikali kwenye kamati moja, na mchanganyiko huo ukaenda kwenye tukio ukiwa pamoja. Hapo ndipo penye kiini. Ugomvi wa watu wawili hugeuka kuwa wa makundi mawili ndani ya saa chache, na katika saa hizo mtu pekee anayeweza kusimama katikati ni yule ambaye pande zote zinamjua na kumheshimu. Askari akitoka mjini hufika baadaye, tena akifika huhesabiwa kuwa wa upande fulani.

Kenya ilijenga juu ya uzoefu huo. Mwaka 2010, kuelekea kura ya maoni ya Agosti 4, jukwaa la Uwiano lilianza kupokea ujumbe mfupi wa simu kwa namba 108. Watu hukumbuka namba. Kilichoipa maana ni kamati za amani za wilaya zilizokuwa upande wa pili, zenye watu wa kuthibitisha na kufika.

Uvumi nao una dawa ya namna hiyo. Katika bonde la mto Tana, baada ya mapigano ya mwaka 2012 na 2013 yaliyoua watu zaidi ya 100, ulianzishwa mpango wa Una Hakika. Mkazi aliposikia kwamba jirani wanajikusanya kushambulia, alituma swali. Wahakiki wa kujitolea walifuatilia, kisha jibu likamrudia yeye na majirani zake. Kurudisha jibu ni hatua yenyewe. Kwenye uchaguzi, neno "kura zimeibwa" likizunguka kituoni saa mbili bila mtu wa kueleza, linakuwa ukweli kwa waliolisikia, liwe kweli au uongo.

Sasa, kwa nini mfumo huu ni mgumu kwetu? Kwa sababu wengi wakisikia "toa taarifa" wanaelewa kupeleka majina ya watu. Na wana sababu. Agosti 2024 Jeshi la Polisi lilipiga marufuku mkusanyiko wa vijana wa chama cha upinzani cha Chadema jijini Mbeya, likisema kulikuwa na dalili za kupanga vurugu, kisha likakamata watu zaidi ya 500, wakiwemo viongozi wa kitaifa. Hiyo nayo iliitwa kuzuia. Lakini mfumo wa jamii hauandiki majina. Huandika tukio, mahali na saa, na kinachofuata ni mazungumzo kabla ya pingu. Taarifa ikipelekwa moja kwa moja kwenye mamlaka inayoogopwa, msimu unaofuata hakuna atakayeitoa.

Kuna na jambo la nani apokee simu. Kiongozi aliye karibu kuliko wote mtaani ni balozi wa nyumba kumi, naye ni kiongozi wa CCM, chama tawala. Anaweza kuwa mtu mwema sana, ila mwanachama wa chama kingine hatampigia yeye. Kamati ya ulinzi na usalama huongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Wanaobaki ni kamati za amani za viongozi wa dini, wazee, wanawake wa vikoba, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, pamoja na kamati za maadili ya uchaguzi ambamo vyama hukaa meza moja. Naona nguvu ingewekwa hapo, na hasa kwa wanawake wa vikoba. Kikundi chao kina wanachama wa vyama vyote na wanakutana kila wiki, uchaguzi uwepo usiwepo.

Ushahidi una mipaka yake. Kuhesabu vurugu ambazo hazikutokea ni kazi ngumu. Uchaguzi wa Kenya wa 2013 ulikuwa na utulivu zaidi, lakini mwaka huo Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao 2007 walikuwa pande pinzani, waligombea pamoja, na kesi zao kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague zilikuwa hai. Ni vigumu kuzipa kamati za amani sifa zote. Mwaka 2017 kamati zilikuwapo, na bado wengi wa waliouawa waliuawa na polisi. Wazee wanaweza kumshika mkono kijana mwenye rungu. Hawana njia ya kumshika mwenye bunduki ya serikali. Iringa inalijua hilo: Septemba 2, 2012, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo wakati polisi wakitawanya wafuasi wa chama, na wala haukuwa mwaka wa uchaguzi.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilionyesha udhaifu mwingine. Vurugu zilizuka katika miji kadhaa, Mbeya ukiwa mmojawapo, watu wakauawa, na intaneti ikazimwa nchini kote. Mfumo unaoishi ndani ya simu janja ungekufa saa ileile ulipohitajika. Wa watu wanaojuana na kufikiana kwa miguu, wenye mahali pa kukutana palipokubaliwa mapema, ungebaki.

Tena wenye kusubiri Oktoba huchelewa. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa na vyama vikajitoa. Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti. Malalamiko ya fomu zilizokataliwa kwenye ofisi ya mtendaji ndiyo moshi wa kwanza, na kwa ratiba ya kawaida moshi huo utaonekana tena 2029.