Maji ya Pampu ya Besimenti Yasielekezwe Kwenye Bomba la Maji Taka

Theluji ikianza kuyeyuka mwezi Machi, simu za malalamiko huongezeka katika ofisi za maji za vitongoji vya Minneapolis, Marekani. Mmoja ana maji safi kwenye besimenti (chumba kilicho chini ya nyumba), mwingine ana kinyesi. Mara nyingi huyu wa pili anaumizwa na jinsi majirani zake walivyojiokoa.

Tunajua wakazi wengi, wakiwemo Wakenya walionunua nyumba Brooklyn Park na Brooklyn Center, wanataka tu kulinda mali yao. Pampu ya shimoni, yaani ile inayokaa kwenye shimo la besimenti na kusukuma nje maji ya mvua na theluji yanayojikusanya humo, ni kinga nzuri. Shida ni mpira wake wa kutolea maji kuelekezwa kwenye sinki la kufulia au tundu la sakafuni, ambavyo humwaga kwenye bomba la maji taka.

Wengi huuliza: "Si maji yote yanakwenda kule kule?" Hapana. Maji taka huenda kwenye mtambo wa kuyasafisha; maji ya mvua huishia kwenye maziwa na Mto Mississippi. Bomba la inchi 8 linaweza kubeba maji taka ya nyumba zipatazo 200, lakini pampu nane tu zikifanya kazi kwa nguvu zote zinatosha kulizidi. Likizidiwa, uchafu hupanda kupitia tundu la sakafuni la nyumba iliyo bondeni.

Tangu 2007, baraza la eneo zima, Metropolitan Council, hudai miji inayopitisha maji ya ziada kwenye mabomba ya maji taka ifanye marekebisho au ilipe. Ndiyo maana miji mingi hukagua nyumba. Kosa likipatikana, unaandikiwa barua yenye tarehe ya mwisho. Unaondoa mpira, unafunga bomba gumu la kudumu linalopita ukutani hadi nje, kisha unaomba ukaguzi wa pili. Mpira ulioning'inizwa dirishani haukubaliki: ni rahisi mno kuurudisha sinkini mkaguzi akishaondoka. Ukipitisha tarehe, au ukikataa kukaguliwa, nyongeza huwekwa kwenye bili yako kila mwezi hadi urekebishe. Kusema ulinunua nyumba ikiwa hivyo hakufuti nyongeza hiyo.

Maji yamwagwe mbali na msingi, la sivyo yatarudi shimoni na pampu itazunguka bure. Yasimwagwe kwenye njia ya miguu pia. Usiku yataganda na mtu atateleza.

Kabla ya Machi, mimina ndoo ya maji shimoni. Boya la pampu (kifaa kinachoelea na kuiwasha) lipande, pampu iwake, maji yatoke nje, kisha izime yenyewe. Dhoruba mara nyingi huja na kukatika kwa umeme, hivyo betri ya akiba ni muhimu sana.

Miji kadhaa hutoa ruhusa ya muda ya kumwaga kwenye bomba la maji taka wakati wa baridi kali, bomba la nje linapoganda. Ruhusa hiyo huombwa kwa maandishi na ina tarehe ya kuisha. Ikiisha, bomba lirudishwe nje siku hiyo hiyo bila kungoja barua nyingine.