Kinda Uliyemgusa Hasuswi na Mama Yake

Watoto wengi Moshi hukua wakionywa: ukimgusa kinda wa ndege, mama yake atanusa mkono wa mtu amsuse. Si kweli, na inaniuma kuona kinda akiachwa afe kwa sababu hiyo. Ndege wa bustanini, kama shorewanda, huwatambua makinda hasa kwa kuona na kusikia. Harufu ya mkono haiwafukuzi. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotani taratibu. Mwenye manyoya, anayerukaruka chini ya mgomba, hajatupwa: anajifunza kuruka na wazazi bado wanamlisha. Huyo mwache, mfungie paka ndani. Kinachoweza kuwafanya wasuse kiota ni kuchunguliwa kila mara, hasa wakiwa wanaatamia. Watazame ukiwa dirishani.