Ini linatolewa lote, uvimbe unatibiwa wa nini?

Wagonjwa huniuliza swali hilo, na nimelisikia hata kwa madaktari wa fani nyingine. Ni swali la haki. Mimi hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mishipa ya damu ya ini hadi kwenye saratani yenyewe, na wengi wa wagonjwa wangu wako kwenye orodha ya kusubiri ini jipya. Jibu langu ni fupi: foleni ya ini ni ndefu, na uvimbe haukai foleni.

Saratani ninayoizungumzia ni ile inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe, si ile iliyohamia humo kutoka kwenye utumbo au titi. Mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kujaa makovu, yaani sirosisi, kwa sababu ya homa ya ini B au C, pombe, au mafuta yaliyorundikana. Upandikizaji huondoa uvimbe pamoja na udongo uliouotesha, lakini si kila mgonjwa anafaa. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliochujwa kwa masharti makali: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja kisipite sentimita 3, na saratani iwe haijaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baada ya miaka 4, asilimia 75 walikuwa hai. Vigezo hivyo vya Milan ndivyo tunavyoanzia hadi leo, ingawa vituo kadhaa vimevilegeza kidogo.

Sasa mchukue mgonjwa mwenye uvimbe wa sentimita 4. Leo anafaa. Ukikua kwa sentimita moja na ushei, amevuka mpaka na anaweza kuondolewa kwenye orodha. Ndiyo maana kusubiri kunapotarajiwa kuzidi miezi 6, timu nyingi huona ni bora kuutibu: si lazima kuumaliza, inatosha ubaki ulipo.

Ukiwa mdogo, chini ya sentimita 3, na uko mahali pazuri, tunauunguza kwa sindano inayopita kwenye ngozi. Mahali pazuri maana yake ni mbali na utumbo na mirija mikuu ya nyongo, na usiwe umeegemea mshipa mkubwa, kwa sababu damu inayopita hubeba joto na kuacha ukingo wa uvimbe ukiwa hai.

Mkubwa zaidi, au vikiwa kadhaa, ndipo katheta inapoingia. Ini lina bahati ya kulishwa na mishipa miwili. Takriban robo tatu ya damu yake huletwa na vena ya portali kutoka kwenye utumbo, na iliyobaki huja kwa ateri. Saratani, kinyume chake, hutegemea ateri karibu kwa kila kitu. Basi tunapita kinenani au kwenye kifundo cha mkono, tunafuata ateri hadi kitawi kinachoulisha uvimbe, tunamimina dawa ya saratani, kisha tunakiziba. Uvimbe unakosa damu. Ini linaendelea kuishi kwa vena. Lakini vena hiyo ikiwa imeziba kwa damu iliyoganda, hesabu yote inageuka, na kuziba ateri kunaweza kuua sehemu ya ini isiyo na saratani. Siku chache baadaye mgonjwa anaweza kupata homa, maumivu na kichefuchefu. Mara nyingi ni tishu inayokufa, si maambukizi, ila simu apige tu.

Njia nyingine ni kupeleka kwa katheta chembe ndogo mno zenye yttrium-90, ambayo mionzi yake hufika milimita chache tu. Kabla yake hufanywa kipimo cha kuhakikisha chembe hazitavujia mapafuni. Panapokuwa hapafikiki kwa sindano wala katheta, mionzi ya kutoka nje iliyolengwa vizuri hufanya kazi.

Kitu cha kwanza ninachoangalia si picha ya uvimbe, ni bilirubini, rangi ya njano ya damu ambayo hupanda ini linaposhindwa kuiondoa. Ikiwa imepanda, au tumbo limejaa maji, kila tone la dawa linaweza kuliangusha ini lililobaki, na hapo nitakuwa nimekata tawi alilokalia mgonjwa. Afadhali niache kipande cha uvimbe kikiwa hai kuliko kumpeleka mtu kwenye upandikizaji wa dharura. Si wenzangu wote wanakubaliana nami hapo.

Kusubiri kwenyewe pia kuna kazi. Uvimbe mkali hujionyesha ndani ya miezi michache, hata ukitibiwa. Marekani, tangu mwaka 2015, mgonjwa wa saratani husubiri miezi 6 kabla ya kupewa pointi za ziada za kumsogeza mbele kwenye foleni. Huko pia, mwenye kiwango cha AFP, protini ambayo saratani hii mara nyingi huitoa, kinachozidi nanogramu 1,000 kwa mililita ya damu hutakiwa kwanza kishuke chini ya 500. Ni sheria chungu kwa anayesubiri, lakini naiona ina mantiki: ini la mtu mwingine haliendi kwa saratani itakayorudi mwakani.

Aliyezidi vigezo naye hajafungiwa mlango. Katika jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa ambao vivimbe vyao vilipunguzwa vya kutosha waligawanywa kwa kura. Waliopandikizwa, asilimia 77.5 walikuwa hai baada ya miaka 5, wasiopandikizwa, 31.2. Siku hizi dawa za kuamsha kinga ya mwili husaidia kupunguza uvimbe, lakini kinga iliyoamshwa inaweza kulishambulia ini jipya. Kwa hiyo husimamishwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya upasuaji, na muda ufaao bado unabishaniwa.

Ini la zamani likishatolewa, hukatwa vipande na kuchunguzwa kwa hadubini. Hapo ndipo ninapojua kama nilichokiona kwenye picha kuwa kimekufa kimekufa kweli. Ambaye uvimbe wake wote umekufa ana hatari ndogo ya kurudiwa. Ambaye seli hai zimekutwa zikipenya mishipa midogo, tunampangia picha na vipimo vya AFP vya karibu zaidi, hasa miaka 2 ya mwanzo, kwa kuwa saratani inayorudi mara nyingi hurudi ndani ya muda huo.