Je, wajua? Gesi isiyoungana na kitu hunaswaje ndani ya molekuli?

Fundi wa Katwe, Kampala, anayechomelea alumini hafungui mtungi wa arigoni kwa mapambo. Gesi ile humwagika kwenye mdomo wa tochi yake na kufukuza hewa pale metali inapoyeyuka. Kwa kuwa haiungani na chochote, oksijeni hukosa nafasi ya kuharibu kiungo. Kwa maneno mengine, fundi analipia uvivu wa gesi.

Arigoni ni mmoja wa ukoo wa gesi adimu, pamoja na heli, neoni, kriptoni, zenoni na radoni, zile zinazopangwa mwisho kabisa kulia mwa jedwali la elementi. Ganda lao la nje limejaa elektroni, hivyo hazikopi wala hazikopeshi. Ni kweli kwamba mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, aliilazimisha zenoni kuungana na elementi nyingine, lakini alihitaji kemikali kali mno. Sasa wanakemia wanawezaje kuishika gesi ya namna hii bila kuilazimisha?

Wanaijengea kuta pande zote. Katika miaka ya 1940 H. M. Powell wa Oxford alichunguza fuwele za haidrokwinoni, kemikali ile ile ambayo UNBS, shirika la viwango la Uganda, huisaka kwenye krimu za kujichubua. Molekuli zake zinapoganda kuwa fuwele hushikana kwa vifungo vya hidrojeni na kuacha vyumba vidogo katikati. Ukizigandisha chini ya shinikizo la arigoni, atomi za gesi hujikuta ndani na mlango umekwisha kufungwa. Fuwele hizo unaweza kuziweka kwenye chupa mezani, arigoni ikiwa imetulia humo humo. Ziyeyushe katika maji, kuta zinabomoka na gesi inatoka kwa mapovu. Heli haikai humo, kwani ni ndogo mno na hupenya nje.

Udogo si sababu pekee. Atomi ya zenoni ina elektroni 54, na zile za nje ziko mbali na kiini, hazijabanwa sana. Zikiyumba kidogo upande mmoja, husababisha elektroni za ukuta ulio karibu ziyumbe pia, na pande hizo mbili huvutana. Mwanafizikia Fritz London alilieleza jambo hili mwaka 1930. Mvuto wenyewe ni dhaifu, lakini ndani ya kizimba kinachoikaa atomi vizuri unatoka kila upande kwa pamoja. Heli ina elektroni mbili tu, zimebanwa kabisa, kwa hiyo karibu hakuna cha kuvuta. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa somo zima: kizimba hakiivunji tabia ya gesi, kinatumia udhaifu mmoja ilio nao.

Je, atomi inaingilia wapi? Wafugaji wa ngege kwenye vizimba vya Ziwa Victoria huchagua nyavu kwa ukubwa wa tundu, na samaki mkubwa kuliko tundu hapiti. Molekuli hazina ukali huo. Mwaka 2014 kundi la Andrew Cooper wa Liverpool na wenzao walieleza kizimba kiitwacho CC3: chumba chake kina upana wa nanometa 0.44 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta), zenoni ni 0.41, lakini dirisha ni 0.36 tu. Kwa hesabu ya kawaida zenoni isingeingia. Huingia kwa sababu molekuli haitulii. Hutikisika muda wote, na dirisha likitanuka kwa kitambo kidogo tu atomi inapita. Ikishaingia huenea vizuri hata kuishinda kriptoni katika kugombea nafasi.

Jambo hilo lina thamani ya fedha. Chukua darasa la Mbale lenye meta 8 kwa 7 na dari ya meta 3. Hewa yake ina zaidi ya meta moja na nusu za ujazo za arigoni, lakini zenoni ni kama mililita 15, yaani kijiko kimoja cha mezani. Leo huipata kwa kupoza hewa hadi iwe kimiminika, kazi inayokula umeme mwingi. Kizimba kinachoichagua katika joto la kawaida kingepunguza gharama hiyo.

Vizimba hivi kwa kweli ni nyumba za wageni, wanaingia na kutoka. Gereza halisi ni C60, mpira wa atomi 60 za kaboni. Mwaka 1994 watafiti wa Yale waliisukuma heli ndani yake kwa nyuzi 650 za Selsiasi na shinikizo la takriban angahewa 3,000, na hata hivyo ilikuwa kama molekuli moja tu katika kila elfu iliyopata mfungwa.

Na wanajuaje kwamba zenoni imo ndani? Kiini chake hujibu mawimbi ya redio, na jibu hubadilika kulingana na kilichoizunguka: zenoni ikiwa majini ni moja, ikiwa kizimbani ni jingine kabisa. Mwaka 2001 watafiti wa Berkeley walikifunga kizimba chenye zenoni kwenye molekuli inayonasa protini fulani, ili zenoni iwaonyeshe protini hiyo ilipo. Zenoni ya kuvutwa kwa pumzi, bila kizimba, imeruhusiwa Marekani tangu Desemba 2022 kwa kupiga picha za mapafu. Ile ya kizimbani bado iko maabara.