Mshauri mwandamizi wa programu kwenye NGO ya watoto ni nani, na anafanya nini hasa?

Matangazo ya kazi za NGO yakitoka kuna cheo kimoja huwa kinachanganya sana watu, mshauri mwandamizi wa programu. Afisa mradi kila mtu anamjua, ndo yule wa pikipiki na fomu za mahudhurio. Meneja anajulikana, mkurugenzi mkazi ndo usiseme. Sasa huyu mshauri? Mshahara wake mara nyingi unakaribiana na wa meneja, lakini hana mradi wake, hana bajeti anayosaini, na wengi wao hawana hata mtu mmoja wa kumtuma. Ndo maana mtaani ukisema unafanya kazi hiyo watu wanadhani ama wewe ni mgawa hela au ni konsaltanti, na wewe si hiki wala kile.

Konsaltanti anakuja na hadidu za rejea zake, anafanya siku alizokubaliwa, anaacha ripoti, analipwa, kwaheri. Mshauri wa programu ni mwajiriwa kabisa, yupo ofisini, na ushauri wake ukiharibu kazi atakuwepo kuuona unavyoharibu.

Kazi yake ni kushika utaalamu wa eneo moja, mfano lishe, elimu ya awali au ulinzi wa mtoto, kwa miradi yote ya shirika inayogusa eneo hilo. Mradi mmoja una mwanzo na mwisho, miaka miwili mitatu umefungwa, magari yanarudishwa. Programu ni ule mpango mkubwa unaobaki miradi ikipita, na ndo huo mshauri anaulinda, maana bila hivyo kila meneja anavuta kwake na mwisho shirika linafundisha wazazi wa Kongwa, hapa Dodoma, kitu kimoja na wa Mpwapwa kinyume chake.

Mashirika ya watoto yenye vyeo vya hivi ni yale makubwa. Save the Children, iliyoanzishwa London 1919 na Eglantyne Jebb, Plan International ya 1937 iliyoanza na watoto wa vita vya Hispania, World Vision ya 1950, na mengineyo. Yote matatu yanafanya kazi Tanzania. Makao makuu yako nje, kuna ofisi za kanda, halafu ofisi ya nchi, na mshauri anaweza kukaa ngazi yoyote kati ya hizo. Wa makao makuu anaandika miongozo ya dunia nzima, wa hapa nchini ndo anapokea huo mwongozo na kujiuliza utatumikaje Bahi.

Aliyeko Dodoma ana mzigo wa ziada kwa sababu serikali iko hapa. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ambayo ndo ina ofisi ya Msajili wa NGOs, iko hapa, TAMISEMI iko hapa, na mambo ya watoto yana mipango yake ya kitaifa tayari. Kuna MTAKUWWA wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuna PJT-MMMAM iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Mshauri anatakiwa aijue hiyo mipango vizuri, akae kwenye vikao vya wadau, ili shirika lisije likatengeneza kitini chake cha malezi wakati cha taifa kipo. Inatokea hiyo, tena sana tu, unakuta mhudumu wa afya ngazi ya jamii mmoja ana vitini vya mashirika matatu na hajui afuate kipi.

Sasa tuone anavyofanya kazi. Chukua andiko la kumwombea mfadhili hela za mradi wa lishe na malezi, la kubuni, ila walioko kwenye hizi kazi watacheka maana wameshaliona. Linaanza na takwimu, kwamba utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sawa, ni kweli. Halafu linasema suluhisho ni kufundisha akina mama wa vijiji vya Chemba kila wiki kuanzia Januari mpaka Aprili, wajifunze kupika chakula chenye makundi yote, na picha za samaki na karoti zimewekwa.

Mshauri anayejua Dodoma anasoma hapo anaweka kalamu chini. Mvua yetu ni moja, inaanza Desemba inaisha Aprili hivi, kwa hiyo hiyo miezi ndo ya palizi ya uwele, mtama, karanga na alizeti, mama katoka alfajiri, shamba lenyewe mbali, wengine wanahamia hukohuko shamba na watoto wao. Tena ndo miezi ambayo kwa kaya nyingi cha mwaka jana kimeshaisha na kipya hakijaiva, yaani unamfundisha mtu makundi ya chakula wakati anawaza jioni watakula nini. Je, mahudhurio yatapatikana? Yatapatikana, weka soda na nauli uone, watakuja wazee na waliobaki kijijini, fomu zitajaa, kiashiria, yaani kipimo cha mafanikio ya mradi, kitasema watu mia nne wamefikiwa na mfadhili atapongeza. Yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeandikiwa mradi hayumo.

Kwa hiyo anaandika maoni yake pembeni: madarasa yahamie Juni mpaka Agosti watu wakishavuna, samaki na karoti zitoke, iwekwe karanga, kunde, mlenda, na maziwa kwa wenye mifugo. Meneja anajibu kwa imeili kwamba mwaka wa fedha wa mfadhili unaisha Juni 30, hela isiyotumika inarudi, na andiko linatakiwa kesho saa sita.

Hapo ndo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu mshauri hana mamlaka ya kusema fanya. Cheo kina neno mwandamizi lakini amri hakina. Atakachofanya ni kutafuta njia ambayo meneja naye haumii: miezi ya mvua itumike kufundisha wahudumu na kuchapa vitini, mama wafikiwe siku za kliniki wanapoleta watoto kupimwa uzito maana hiyo siku wengi watatoka hata shamba, na mfadhili aombwe mapema kuongeza muda bila kuongeza hela, barua ya maelezo ataiandika mwenyewe mshauri. Akishindwa kumshawishi meneja, mradi unaenda ulivyo. Mimi naona huo ndo ugumu wa hii kazi kuliko hata utaalamu wenyewe, ujue na usikilizwe, maana wapo wataalamu wazuri sana ila wanatuma maoni kurasa tano usiku wa dedilaini, nani atayasoma?

Usalama wa watoto nao unamhusu, japo kuna mtu wake maalumu. Tangu sakata la wafanyakazi wa misaada waliodaiwa kulipia ngono Haiti lilipolipuka 2018 mashirika yamebana sana, kwa hiyo kwenye kila shughuli mshauri anauliza nani atabaki peke yake na watoto, picha zinapigwa kwa ridhaa ya nani, mtoto akiwa na malalamiko anamwambia nani, je namba 116 ya simu ya mtoto inajulikana hapo.

Halafu kuna hili la mshahara, ambalo wengi wanaligundua wakishaingia. Kwa kuwa hana mradi wake, mara nyingi mshahara wake unagawanywa, mradi huu unalipa asilimia 30, ule 20, mwingine 15, na anajaza taimushiti kila mwezi kuonyesha muda wake umeenda wapi. Miradi ikiwa mingi raha, ikikatika anayumba wa kwanza. 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, nafasi za namna hii zilikuwa rahisi kukatwa maana hakuna kijiji kitakachopiga simu kuuliza mshauri kaenda wapi.

Ukitaka kuomba, wengi wanadai shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka saba au nane na kuendelea, na Kiingereza cha kuandika kilichonyooka, ila wakikuita kwenye usaili na wewe uliza maswali yako: mkataba unalipwa na miradi mingapi na inaisha lini, unaripoti kwa nani, na andiko linaweza kwenda kwa mfadhili bila wewe kuliona au haliwezi. Hilo la mwisho wakianza kuangaliana, ujue wanatafuta jina la kuweka kwenye chati ya ofisi.